Msaada wakuu: hii "call" ya Kiingereza ina maana ngapi?

Mzigo Mwepesi:
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada kwa wenye Kiingereza chao. Nipo kampuni ya utalii hapa Arusha upande wa bukingi, kwa hiyo kutwa nzima ni imeili na meseji za wageni, wengi Waingereza na Wamarekani. Sasa kuna hili neno "call". Tangu shule najua "call" ni kuita au kupiga simu, basi, lakini huku naona linaingia kila mahali na kila likiingia limevaa nguo nyingine. Leo asubuhi imeingia imeili ya mzee mmoja wa Uingereza, wakala wetu wa siku nyingi, kamalizia hivi: "My sister will be in Arusha next week and will call on Thursday about the balance". Ofisi imegawanyika. Mhasibu anasema huyo dada mtu atapiga simu Alhamisi. Dereva wetu mmoja mkongwe, amezunguka na wazungu kabla sisi wengine hatujazaliwa, anasema thubutu, huyo anakuja hapa hapa mlangoni. Mi nipo katikati sijui nimfuate nani.

Na zipo zingine. "The trip calls for good boots". "We had to call it off because of the rain". "I'll call for you at seven". Halafu kuna "that was uncalled for" ambayo mgeni kamwandikia mwenzangu, na mwenzangu hajui kama katukanwa au kasifiwa. Kuna kanuni ya kulishika hili neno au ndo kukariri moja moja mpaka uzeeni? Nawasilisha.

Bando Limeisha:
Mkuu "call" ni ile ambayo ukiwa na salio unapiga na ukiwa huna unabip, mengine hayo ni mapozi ya wazungu.

Ticha wa Kisii:
Bando, kaa kando kidogo wenye kazi wapite.

Mzigo, huyo dereva wenu mimi naweza kumpa kura yangu. Kwa Mwingereza, tena ukisema ni mzee, "call" peke yake bado ni kuja kwa mtu, kupitia mahali kwa muda mfupi, si kuja kushinda. Angalia pia amesema dada yake atakuwa Arusha, sasa mtu yuko mjini na ofisi yenu iko mjini, kwa nini akae hotelini apige simu ya salio? Ingekuwa ni Mmarekani ameandika ningesema simu bila kufikiria mara mbili, kwa sababu kule maana ya kutembelea imebaki ya zamani zamani, ukiisikia ni kama mtu amevaa suti ya babu yake.

Na hii maana ya kutembelea imetoka wapi? Hapa ndio naipenda, kwa sababu Mswahili ndiye wa kwanza kuielewa. Neno lenyewe asili yake ni Skandinavia, "kalla", lililetwa na wale watu wa majahazi wa kaskazini waliovamia Uingereza wakalowea huko miaka elfu moja na zaidi iliyopita, na maana yake ilikuwa kupaza sauti. Ulikuwa ukifika kwa mtu unasimama mlangoni unapaza sauti wakusikie ndani. Sasa hio si hodi? Ni hodi kabisa. Kwa hivyo "he called at the house" chimbuko lake ni alifika akapiga hodi. Simu imekuja 1876 na Bell, ikakuta neno limeshazeeka, ikalirithi tu, maana na yenyewe ni kumpazia mtu sauti akiwa mbali.

Ukishika hapo, mengi yanajileta yenyewe. Kupaza sauti ili mtu aje: kuita. Kupaza sauti na kumtaja kwa jina: kumwita fulani. Kupaza sauti kudai kitu: "call for". Hio ya buti ni hivyo hivyo, safari yenyewe "inaita" buti nzuri, yaani inazihitaji, bila buti hutoboi. Na ukisikia kwenye taarifa ya habari "the UN calls for a ceasefire", redio zetu zinasema Umoja wa Mataifa umetoa wito wa kusitisha mapigano, na wito umetoka wapi kama si kwa kuita? Hapo Kiswahili na Kiingereza wametembea njia moja bila kuambizana.

"Uncalled for" basi ni kitu ambacho hakuna aliyekiita kije. Mwambie mwenzako hajasifiwa hata kidogo. Mgeni anamwambia lile neno au kile kitendo hakikuwa na sababu, kimevuka adabu. Aombe radhi kwa upole na asijieleze sana.

Mzigo Mwepesi:
Dah mwalimu ubarikiwe, hiyo ya hodi imeniingia moja kwa moja. Mwenzangu kaisoma kanuna, kumbe alimwambia mgeni kwamba chakula alichoacha kingeshibisha familia. Na "I'll call for you at seven" je, nayo ni kudai?

Bint Shangani:
Hiyo ni kukupitia ndugu yangu. "Nitakupitia saa moja." Na saa moja yetu, usije ukaandika saa saba kwenye ratiba mgeni akasimama na begi lake nje tangu jua halijakaa sawa.

Mie naishi huku Uingereza, mji wa Reading, mwaka wa ngapi sijui, nimechoka kuhesabu, na hili neno ndo lilinikaribisha. Ukipanda treni pale Paddington unasikia sauti ya mwanamke, treni hii ya kwenda Reading, "calling at" Ealing Broadway, Slough, Maidenhead, Twyford. Treni inapita kwa watu kusalimia! Mwanzo nlikuwa nacheka peke yangu kiti cha dirishani. Na meli nazo hivyohivyo, bandari inayopitiwa njiani ni "port of call", na babu zetu wa majahazi walikuwa nazo zao, unashuka Lamu, unashuka Mombasa, ndo unafika Unguja.

Alafu kuna vikadi. Unatoka kuoga unakuta kikadi kimesukumwa chini ya mlango kimeandikwa "We called today but you were out", saa na dakika imeandikwa kwa peni. Unakimbilia simu, hakuna misdikoli hata moja. Kwa sababu hawakupiga simu, walifika mlangoni na mzigo wako wakaondoka nao, na saa zingine mtu ulikuwemo ndani wala hukusikia hata kugongwa. Jirani yangu Mjamaika anasema wale wanagonga kwa unyoya.

Kwa hiyo na mie namuunga mkono dereva. Lakini Mzigo, kwa kazi yako usibahatishe, mjibu yule mzee kwa adabu muulize, "Shall we expect her at the office, or will she be phoning?" Waingereza hawachukii kuulizwa, wanachukia kusubirishwa. Na we mwenyewe ukiwa unaandika ukitaka simu andika "phone" au "ring", Mwingereza haulizi tena. Kwa Mmarekani andika "call", hiyo "ring" anaijua ila ataona umeiga filamu.

Kalamu Kavu:
Mnamfundisha vizuri ila kuna sehemu ya hatari mmeiruka, na kwenye utalii ndo yenye hela. "Call off".

Watu wengi sana, na magazeti yetu yamo, wanatafsiri "called off" kuwa imeahirishwa. Mechi "called off" utasoma mechi yaahirishwa. Saa zingine inakubali kwa sababu mechi itachezwa siku nyingine kweli, lakini neno lenyewe halisemi hivyo. Kuahirisha ni "put off", yaani jambo lipo ila limesogezwa mbele. "Call off" jambo limefutwa, limevunjika, halipo. Picha yake ni mbwa wa kuwinda, mwenyewe akiwaita waache windo warudi, uwindaji umeishia hapo. Ndo maana "they called off the search" ni wamesitisha kutafuta, na "the strike was called off" ni mgomo umesitishwa, hakuna aliyesema utarudi Jumatatu.

Sasa chukulia mgeni anakuandikia "we have decided to call off the trip" na wewe ukamjibu kwa furaha sawa, mnataka tarehe gani mpya? Yeye anawaza arudishiwe deposti, wewe unampangia Agosti. Imeili ya tatu hapo atakuwa ameshapandisha na herufi kubwa. Kwa hiyo ukiona "call off" akili yako iende kwenye fomu ya marejesho, ukiona "put off" au "postpone" iende kwenye kalenda.

Hiyo ya mvua uliyoiweka juu, "we had to call it off because of the rain", ndo hiyo. Walivunja safari. Mengine sijui "call in sick", kutoa taarifa kazini kwamba unaumwa, "called up", kuitwa timu ya taifa au jeshini, hayo utayaokota njiani, hayana madhara.

Ticha wa Kisii:
Kalamu hapo umenena, na KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari Kenya, hio swali hupenda kuja, wanakupa sentensi wanataka ubadilishe neno lililopigiwa mstari kwa kitenzi chenye viambatisho, vijana wanachanganya hizo mbili kila mwaka. Lakini sikubaliani na wewe ukisema mengine hayana madhara, kuna mahali Mswahili huanguka hata akiwa na digrii, na si kwa msamiati, ni kwa sababu Kiswahili chake kina nguvu kuliko anavyojua.

Chukua hii. "Call me a taxi." Kuna kichekesho cha zamani sana cha Waingereza, mtu anatoka hotelini anamwambia bawabu "call me a taxi", bawabu anajibu "very well sir, you are a taxi". Kwetu hicho kichekesho hakiwezi kuzaliwa, kitafia tumboni. Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili kingeshamaliza ubishi kwenye kitenzi: niite teksi, hapo unataka jina jipya, niitie teksi, hapo unataka kwenda nyumbani. Irabu moja tu, i, imefanya kazi ambayo Kiingereza kinamwachia msikilizaji akisie. Na tunaendelea, itwa, itana, itika, itisha. Kuitisha mkutano ni "call a meeting", kuitisha mgomo ni "call a strike", kuitika Kiingereza hakina hata neno moja la maana, utaambiwa "answer", na kujibu na kuitika si kitu kimoja, muulize mama yeyote ambaye ameita mtoto akajibiwa "nini?" badala ya abee.

Sasa huyu mtu mwenye mali yote hio akienda Kiingereza anatafuta pa kuiweka na hakuna. Anasema "call for me a taxi", sawa, anaeleweka, lakini Mwingereza husema tu "call me a taxi". Anasema "they called him as a thief", hapana, hakuna "as", ni "they called him a thief", kama tunavyosema walimwita mwizi, hatusemi walimwita kama mwizi. Anasema "how do you call this?" kwa sababu kichwani ana "mnaitaje hii?", Mwingereza anauliza "what do you call this?". Na "call to Juma" usiandike ukimaanisha kumpigia simu, "call to" ni kumpazia sauti Juma akiwa ng'ambo ya barabara.

Na "I am called Juma" si kosa, walimu wenzangu wa zamani walikuwa wanaipigia alama nyekundu, sioni sababu. Lakini inanuka naitwa. Ukijitambulisha kwa mgeni sema "I'm Juma", inatosha.

Bando Limeisha:
Mwalimu mimi nilikuwa natania, naomba nirudi darasani. Swali, "he called me names" ndo alinitaja majina?

Ticha wa Kisii:
Karibu keti mbele. Hio ni alikutukana. Na hakukutaja hata moja la kwako.

Boda wa Jinja:
Banange mumesahau ya kwetu. Huku Uganda, na Kenya najua pia iko, mtu akitoka kwenye mukutano anasema "let me go for a short call", anaenda kukojoa. Kubwa ni "long call". Shuleni ulikuwa unanyosha mukono, please teacher, short call, na wote wanaelewa. Hii inatoka kwa "call of nature" ya Waingereza wenyewe, sisi tumeikata tukaipima urefu. Lakini muzungu mupya haelewi. Nilibeba mumoja kumupeleka Bujagali, nikasimama nikamwambia one minute, short call, akatoa simu yake akanipa, eti use mine, no problem.

Mzigo Mwepesi:
😂😂😂 Nimecheka mpaka bosi kageuka. Sisi huku barabarani tunasema kuchimba dawa, basi linasimama porini watu wanashuka kuchimba dawa. Madereva wetu wengine wameanza kuwaambia wageni hivohivo kwa Kiingereza, "we dig medicine here", na wageni wanaipenda balaa, wanaiandika hadi kwenye rivyuu.

Bint Shangani:
Boda Mungu anakuona.

Ila hapo umenikumbusha na kubip. Kwetu unasema nibip, Kenya wanasema niflashie, na kwa Kiingereza chetu tunaandika "beep me" au "flash me". Jamani msimwandikie mgeni wa Uingereza "flash me", tena asiwe mwanamke, hiyo kwao ni kumwambia afunue nguo akuonyeshe mwili. Sema "give me a missed call" na ueleze kabisa kwamba asipokee. Huku watu wana dakika za bure mwezi mzima, hawajui kwa nini simu ilie mara moja ikatike, anakupigia tena kukuuliza kulikoni.

Kalamu Kavu:
Na kubip kuna sheria zake ambazo kila mmoja wetu anazijua bila kufundishwa. Kuna mtafiti alizifuatilia Rwanda akachapisha mwaka 2007, na mambo aliyoyakuta ni yale yale ya kwetu: mwenye nacho ndo anapiga, asiye nacho anabip, na kijana anayemfukuzia binti haruhusiwi kubip, auze shati apige. Bando sikiliza hapo.

Bando Limeisha:
Nimesikia. Shati nimeuza.

Wakili Njaa:
Naingilia kwa moja tu maana nimeona wengi wanaiandika vibaya mitandaoni. "Called to the bar." Juzi hapa mtu kasoma wasifu wa mwanasheria fulani akauliza kwa nini mtu ajisifu kwamba aliitwa baa. Hiyo "bar" ni kizuizi, ukingo uliokuwa kwenye kumbi za vile vyama vya mawakili vya London, vipo vinne mpaka leo, Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Wanafunzi wanakaa upande huu, wakubwa upande ule, na siku umefuzu unaitwa usogee kwenye ule ukingo. Kuitwa kwenyewe, kwa sauti, kama alivyosema mwalimu. Gandhi aliitwa hivyo Inner Temple, Juni 1891, siku mbili baadaye akapanda meli kurudi India. Sisi Tanzania hatuitwi, tunaapishwa na majina yanaingizwa kwenye orodha ya mawakili, kwa hiyo ukiandika wasifu wako usijiandikie "called to the bar" kwa kuwa umeiona kwa mwingine. Andika "admitted". Baa utaenda jioni kwa hiari yako.

Nesi Zamu ya Usiku:
Jamani mada tamu hii nimeisoma yote kituo cha manesi, Mungu asaidie kengele isilie. Naomba kuuliza na mimi, nipo Mbeya hospitalini na tunao madaktari wa kujitolea kutoka nje. Mmoja nilimtumia meseji usiku nikauliza uko wapi, akajibu "I'm on a call, will ring you". Nikamwandika kwenye daftari kwamba yupo zamu, asubuhi yeye kabisha kabisa, anasema wala hakuwa zamu siku hiyo. Sasa "on call" si ndo zamu?

Ticha wa Kisii:
Dada pole na kazi. "On call" ni zamu ya kuitwa, yaani yuko kwake ama popote lakini mkimhitaji usiku anakuja. "On a call" yuko anaongea na simu. Hiyo "a" ndogo ndio imewakosanisha.

Nesi Zamu ya Usiku:
Heeh! Kwa "a" tu? Basi nafuta kwenye daftari kabla metroni hajaingia.

Kalamu Kavu:
Usifute dada, daftari la hospitali halifutwi, piga mstari mmoja juu ya ulichoandika, maandishi yabaki yanasomeka, weka sahihi na saa.